Kinasa sauti gani kwa safari ya wiki tatu kati ya Kasenga na Pweto?

Mwana wa Kampemba

Jambo wote. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kunasa sauti mbali na mji, mahali ambapo hakuna umeme wa kutegemea wala duka la kubadilishia kifaa kilichoharibika. Mwezi wa Julai nitaondoka Lubumbashi kwenda Kasenga, kisha Kilwa (ile ya Kongo, si ya Tanzania), na hatimaye Pweto. Itakuwa safari ya wiki tatu hivi, sehemu kubwa kwa pikipiki na sehemu nyingine kwa mtumbwi katika ziwa Moero. Nataka kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu biashara ya samaki ya zamani, enzi ambapo wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walinunua samaki wa mto Luapula na kuwapakia kwenye malori ili wawalishe wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Pamoja na hayo nataka nyimbo za wavuvi, hasa zile za kupiga makasia. Wazee waliomwona kwa macho yao samaki aitwaye mpumbu akipanda mto kwa wingi, kabla nyavu hazijammaliza, sasa wamebaki wachache mno.

Mwaka jana nilikwenda na simu peke yake. Mzee mmoja wa Kasenga alinisimulia kwa saa moja na nusu, tukiwa tumeketi ukingoni mwa mto. Niliporudi nyumbani na kusikiliza, upepo ulikuwa umefunika maneno yake kama mtu anayepasua kitambaa mbele ya maikrofoni, na kwenye dakika ya arobaini simu yangu ilipigwa, kunasa kukakatika, nami sikujua. Mzee yule amefariki mwezi wa Februari. Familia yake waliniomba sauti ya baba yao, nikawapa dakika zile chache zinazosikika.

Nina dola 350, na nikijibana naweza kufika 400. Je, ninunue kinasa kimoja kizuri chenye maikrofoni zake ndani, au kinasa cha kawaida pamoja na maikrofoni ya pembeni? Je, hivi vinasa vipya vya biti 32, ambavyo wengi wanavisifu, vinafaa kwa mtu kama mimi? Na kuhusu umeme, mnafanyaje wiki tatu nzima bila tundu la ukutani?

Mama wa Redio, Likasi

Pole sana, mwanangu. Nimefanya vipindi vya redio vijijini kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona kwa kazi.

Jambo la kwanza nitakalokuuliza kuhusu kinasa chochote ni hili: kinakula betri gani? Chagua kinachotumia betri za kawaida za AA, ambazo utazipata hata katika kibanda cha chumvi na sabuni, wala usichague chenye betri ya ndani isiyotoka. Betri ya ndani ikichoka njiani, kifaa kizima kimekufa pamoja nayo, lakini betri za AA zikichoka unafungua kifuniko, unaweka nyingine, na mzee hajamaliza hata kunywa maji. Kwa sababu hiyo mimi nimekaa na Tascam DR-05X, ambayo inatumia AA mbili, na maikrofoni zake mbili zinasikia pande zote. Maikrofoni za namna hiyo hazisumbuliwi sana na upepo wala na mtikisiko wa mkono, zikilinganishwa na zile zinazoelekea mbele tu. Bei yake huko Marekani ilikuwa karibu dola 110, ingawa ikishavuka mipaka hadi huku kwetu huongezeka.

Hata hivyo ni lazima nikuonye kuhusu kitufe chekundu cha kinasa hicho, kwa maana kiliwahi kuniliza. Ukikibonyeza mara moja, taa inamweka. Hapo kinasa kinasubiri tu, na namba za muda zimesimama palepale kwenye sifuri. Ukikibonyeza mara ya pili, taa inatulia na namba zinaanza kukimbia. Siku moja niliketi na mama mmoja mkunga, mwanamke wa heshima, akanisimulia mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu, nami nilikuwa nimebonyeza mara moja. Nikasikia sauti yake vizuri masikioni, nikaona vipimo vinacheza, nikaamini kwamba kazi inaendelea. Alipomaliza nikaangalia: 00:00:00. Nikamwomba arudie, naye akarudia kwa upole, lakini machozi ya mara ya kwanza hayakurudi na maneno yenyewe yalikuwa yamekauka. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza swali la kwanza, ninatazama namba za muda mpaka nizione zimefika sekunde kumi.

Pili, nunua maikrofoni ya mkono ya aina ya dainamiki, ile isiyohitaji umeme wowote. Inavumilia vumbi na joto, haina kitu cha kufisha ndani, na ukiishika karibu na mdomo wa msemaji, kwa umbali wa kiganja kimoja hivi, inaacha nje kuku, watoto, na jenereta ya jirani. Shure SM58 ndiyo watu wanayoifahamu zaidi, na bei yake ni kama dola 100. Iko pia Behringer XM8500 ambayo haifiki hata theluthi ya bei hiyo, na kwa masimulizi ya mtu mmoja inatosha kabisa. Lakini kumbuka kwamba maikrofoni hizi zinaingia kwa waya wa XLR, ule mnene wenye pini tatu, na DR-05X haina tundu hilo. Ukitaka njia hiyo, itakubidi upande hadi kwenye kinasa chenye matundu ya XLR, kama Tascam DR-40X au Zoom H4essential.

Fundi wa Kamalondo

Nakubaliana na Mama kuhusu AA. Naomba niongeze upande wa ufundi, kwa kuwa ndugu ameuliza kuhusu biti 32.

Katika vinasa vya biti 16 au 24, wewe mwenyewe unapanga kiwango cha kunasa kabla ya kuanza. Ukikipandisha mno, sauti kubwa inapasuka, na kilichopasuka hakirekebishiki tena. Ukikishusha mno, utalazimika kukipandisha baadaye pamoja na mvumo wa chinichini. Kinasa cha biti 32 za floti kinaandika namba kwa namna ambayo haina dari ya kugonga, kwa hiyo mzee akianza kwa kunong'ona na kumaliza kwa kicheko kikubwa, vyote viwili vinabaki salama, nawe unavisawazisha ukifika nyumbani. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, ambaye anauliza maswali, anasikiliza, na tena anaangalia barabara, hilo ni jambo la manufaa makubwa.

Lakini kuna mambo mawili ambayo wauzaji hawayatilii mkazo. Biti 32 haziiokoi maikrofoni yenyewe. Upepo ukiisukuma ngozi ya maikrofoni mpaka mwisho wake, au ngoma ikipigwa sentimita kumi mbele yake, kilichoharibika kimeharibika kabla hakijafika kwenye namba. Vilevile biti 32 hazipunguzi hata kidogo kelele za mahali. Ukikiweka kinasa mita mbili kutoka kwa msemaji chini ya paa la mabati, utapata mwangwi wa mabati ulioandikwa kwa usahihi mkubwa.

Kwa bajeti yako mimi ningenunua Zoom H4essential. Ilitoka mwaka 2024 kwa bei ya dola 200 hivi, inatumia AA mbili, ina maikrofoni mbili zilizopishana mbele, na chini ina matundu mawili ya XLR yenye uwezo wa kutoa umeme wa fantomu wa volti 48, yaani ule ambao kinasa huipelekea maikrofoni inayouhitaji. Ndugu yake mdogo, H1essential, alitoka kwa dola 100 tu na ni mwepesi sana, lakini anatumia betri ndogo za AAA, na tundu lake la maikrofoni ni lile dogo la milimita 3.5. Wengine watakutajia Zoom F3, ambayo kwa kweli ni bora kuliko hizo zote kwa utulivu wa mvumo, ila haina maikrofoni ya ndani hata moja: siku waya utakapokatika, utakuwa umebeba kisanduku kisichosikia kitu. Kwa safari ya mtu mmoja nisingeipendekeza.

Sasa hesabu ya kadi. Kunasa kwa stirio, kilohezi 48, biti 24, kunakula takriban gigabaiti 1 kwa saa. Kwa biti 32 ni takriban gigabaiti 1.4 kwa saa, na hizi Zoom za aina ya essential haziandiki kitu kingine isipokuwa biti 32. Ukinasa saa tatu kila siku kwa siku 20, hizo ni saa 60, yaani gigabaiti 83 hivi. Badala ya kadi moja kubwa, nunua nne za gigabaiti 32, kusudi moja ikiharibika usipoteze safari nzima.

Na hizo kadi uzipime kabla ya kuondoka. Niliwahi kununua sokoni kadi iliyoandikwa gigabaiti 128, ikiwa katika pakiti iliyofungwa vizuri, na kompyuta pia ikasoma 128. Ndani yake mlikuwa na 8 tu. Ubaya wa kadi hizo ni kwamba hazikatai: zinapokea faili, zinaonyesha jina lake na ukubwa wake, lakini ukilifungua ni ukimya. Iko programu ya bure ya Windows iitwayo H2testw, ambayo inaijaza kadi mpaka mwisho kisha inasoma tena kilichoandikwa. Kwa Linux iko inayoitwa F3, na jina hilo lisikuchanganye na kinasa. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa kwa kila kadi. Usiipuuze.

Umeme: nunua betri nane za AA za kuchaji, aina ya NiMH inayotunza chaji kwa muda mrefu, kama Eneloop, pamoja na chaja inayokula umeme wa USB. Betri nne za miliampia-saa 2000 zinahitaji takriban wati-saa 10 kujazwa, na ukiongeza upotevu wa chaja hesabu 12 hadi 13. Pawabenki ya miliampia-saa 10,000 ina wati-saa 37 kwenye karatasi, na ukitoa upotevu wa ndani unapata kama 25, kwa hiyo itajaza betri nne mara mbili hivi. Ukiwa na paneli ya jua ya wati 20, chaji pawabenki mchana, kisha pawabenki ichaji betri usiku. Usiunganishe chaja moja kwa moja na paneli, kwa sababu wingu moja likipita chaja nyingi hujizima au huanza hesabu upya. Kwa bahati nzuri Julai katika Katanga anga ni jeupe.

Jambo dogo la mwisho. Kwenye menyu ya kinasa kuna mahali pa kuchagua aina ya betri. Betri za NiMH zina volti 1.2 na zile za kawaida zina 1.5. Usipochagua NiMH, alama ya betri itakudanganya tangu dakika ya kwanza, nawe utatupa chaji ambayo bado ingefanya kazi.

Mpita Njia wa Kasumbalesa

Kwa heshima zote, naona mnampeleka ndugu kwenye gharama kubwa mno. Simu za leo zina maikrofoni nzuri. Weka simu katika hali ya ndege ili isipigwe, nunua maikrofoni ya kubana kwenye kola kwa dola 20, na pesa inayobaki itumie kwa mafuta ya pikipiki na posho ya wazee. Mimi nimenasa hotuba na mahubiri mengi kwa njia hiyo na watu wameridhika.

Mama wa Redio, Likasi

Ndugu, kwa mahubiri ndani ya nyumba unayosema ni kweli, na ile maikrofoni ya kola ni kitu kizuri ambacho hata mimi ninacho. Shida ya simu safarini ni kwamba simu hiyohiyo ndiyo taa ya usiku, ndiyo ramani, ndiyo mawasiliano na nyumbani, na ndiyo kitu cha kwanza ambacho mwenye bunduki barabarani atakitaka. Ikiondoka, imeondoka na sauti zote. Kinasa kidogo cheusi chenye alama za kuchubuka hakimvutii mtu. Simu iwe ya akiba, na hapo nakubaliana nawe kabisa: kila mahojiano, mwachie mzee simu iliyo katika hali ya ndege karibu naye, inase pia.

Mwana wa Kampemba

Asanteni sana. Mmenifungua macho, hasa kwenye kadi, kwa maana nilikuwa karibu kununua moja ya gigabaiti 256 kwa bei iliyonifurahisha kupita kiasi. Ninaelekea kwenye H4essential na ile XM8500. Swali linalobaki ni nyimbo. Mzee mmoja atashikiwa maikrofoni ya mkono, sawa. Lakini wavuvi kumi wanaoimba huku wakivuta wavu nitawanasaje? Na kwenye mtumbwi upepo haukosekani.

Mzee wa Maktaba

Mwanangu, nimesoma mazungumzo haya kwa furaha, kwa sababu ninatunza mikanda ya zamani na ninajua ni nini kinachobaki baada ya miaka hamsini na ni nini kinachotupwa.

Tuanze na nyimbo. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Jadotville, yaani Likasi ya leo, akamnasa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, na sauti hiyo tunaisikia mpaka leo ikiwa safi. Tracey alisafiri na lori na jenereta, mzigo ambao wewe ungeubeba mfukoni leo, na jenereta hiyo aliiweka mbali na waimbaji kwa waya mrefu ili mngurumo wake usiingie. Ninachotaka ukiige ni miguu yake: aliishika maikrofoni mkononi na kusogea nayo, akienda kwa kiongozi anapoanza na kurudi nyuma kikundi kinapoitikia. Nawe fanya vivyo hivyo. Vaa hedifoni, shika kinasa chenyewe kwa maikrofoni zake za ndani, simama umbali wa mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwa kikundi, na masikio yako yakuambie usogee wapi. Kila unapozidisha umbali mara mbili, sauti ya mwimbaji inashuka kwa desibeli 6, lakini sauti ya mawimbi na upepo haishuki, kwa maana hizo zimekuzunguka pande zote. Kwa hiyo hatua mbili za kusogea mbele zinaweza kukufaa kuliko dola mia za kifaa.

Wimbo wa kupiga makasia uunase mara mbili: mara moja mtumboni, wakati wa kazi, pamoja na maji na kasia zinazogonga ubavu wa mtumbwi, na mara nyingine nchi kavu jioni, waimbaji wakiwa wameketi nyuma ya ukuta unaokinga upepo. Unasaji wa kwanza una ukweli wa kazi, na wa pili ndio utakaokuwezesha kuandika maneno. Nimeletewa mikanda mingi ya aina ya kwanza ambayo hata wajukuu wa waimbaji hawawezi kutambua kinachosemwa.

Kuhusu unyevu na vumbi: Julai hutapata mvua, lakini kule juu kwenye milima ya Kundelungu usiku ni baridi kali, na ukiingiza kinasa kilicholala nje katika nyumba yenye moto na watu wengi, kinatoka jasho ndani kama chupa ya bia. Kiache ndani ya mfuko wake wa plastiki uliofungwa mpaka kipate joto la chumba, ndipo ufungue. Tia humo vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja katika masanduku ya viatu. Vumbi jekundu la barabara ya Kasenga ni adui wa tundu la kadi na la waya, kwa hiyo badilisha kadi ukiwa umekaa, mikono imepanguswa, wala si juu ya pikipiki.

Sasa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko kifaa. Ninao mkanda wa bibi mmoja anayeimba kasala, sifa za ukoo, kwa sauti ambayo ukiisikia nywele zinasimama. Hakuna jina lake. Hakuna kijiji. Hakuna mwaka. Juu ya kasha pameandikwa kwa kalamu "mama, wimbo mzuri". Nimewachezea watu wengi mkanda huo, na hakuna aliyeweza kuniambia ni bibi wa nani. Ninakusihi, kila unapoanza kunasa, sema kwa mdomo wako ndani ya kinasa: leo ni tarehe fulani, tuko kijiji fulani, niko na fulani wa fulani, anazungumza lugha fulani. Kisha mwombe yeye mwenyewe aseme jina lake na aseme kama anakubali sauti yake itunzwe, na nani anaruhusiwa kuisikia. Kibali kilichosemwa kwa sauti hakipotei kama karatasi. Usiitegemee saa ya kinasa, kwa maana ukichelewa kubadilisha betri inaweza kurudi kwenye tarehe ya kiwandani.

Na kabla ya yote hayo, pita kwa chifu wa kijiji na karatasi yako ya utume yenye muhuri. Katika sehemu zenye machimbo, mgeni mwenye maikrofoni anaulizwa maswali mengi. Mwoneshe chifu kinasa, mnase akisalimu, mrudishie sauti yake aisikie. Baada ya hapo kijiji kizima kitajua unafanya nini.

Fundi wa Kamalondo

Mzee, asante kwa hayo ya bibi wa kasala. Nimeyasoma mara mbili.

Ndugu, kuhusu upepo. Ile sponji nyeusi inayouzwa na maikrofoni inazuia pumzi ya mdomo tu, si upepo wa ziwa. Unahitaji kofia ya manyoya marefu. Kama huipati Lubumbashi, shona mwenyewe: nenda kwenye nguo za mitumba, tafuta koti la mtoto lenye manyoya ya bandia kwenye kofia, yale ambayo ukiyapuliza upande wa nyuma unasikia hewa ikipenya hadi upande wa pili. Yakiwa na kitambaa kizito nyuma yake, yataziba sauti za juu na wazee watasikika kama wanaongea chini ya blanketi. Kofia isibane maikrofoni. Acha nafasi ya kidole kimoja kati ya manyoya na maikrofoni kwa kutumia fremu ya waya mwembamba, kwa sababu ile hewa iliyotulia ndani ndiyo inayofanya kazi ya kukinga. Mtumboni kaa ukiupa upepo mgongo, mwili wako uwe ukuta.

Ukitumia pawabenki kukiendesha kinasa moja kwa moja, ijaribu nyumbani kwanza. Pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona umeme unaotumika ni kidogo mno, nazo hufikiri simu imeshajaa. Weka betri ndani ya kinasa hata kama waya umeunganishwa.

Mwana wa Kampemba

Narudi kutoa taarifa, ili na mwingine atakayeuliza apate faida. Nimepata H4essential kwa dola 235 kupitia rafiki aliyekuwa akirudi kutoka Lusaka, na XM8500 kwa dola 30. Betri nane pamoja na chaja zimenigharimu dola 45. Kadi nne nimezipima kwa H2testw usiku kucha: tatu ni nzima, moja ni ya uongo, na muuzaji amekubali kuibadilisha baada ya kuoneshwa matokeo kwenye kompyuta. Kofia ya manyoya nimeishona kutoka kwenye koti dogo la waridi, kwa hiyo kinasa changu sasa kina kichwa cha waridi. Nikaipeleka juu ya paa la nyumba jioni upepo ulipokuwa mkali, na bila kofia ilikuwa mngurumo mtupu, lakini nayo nikasikia mpaka mwito wa muuza mkate kwenye kona ya pili.

Jumapili nimefanya mazoezi kwa babu yangu, ambaye alifanya kazi katika karakana za reli. Nilisema tarehe na mahali, nikamwomba ataje jina lake. Akakaa kimya kidogo, kisha akataja jina lake, la baba yake, la babu yake, na la kijiji ambacho sisi wajukuu hatukuwahi kukisikia. Betri mbili zilidumu zaidi ya saa sita. Nilipokuwa nikisikiliza usiku, nikagundua kwamba kila mara niliposema "ndiyo, ndiyo" kumtia moyo, sauti yangu ilimfunika, kwa maana ninakaa karibu na maikrofoni kuliko yeye. Je, Mama, nyinyi wa redio mnafanyaje?

Mama wa Redio, Likasi

Itikia kwa kichwa na kwa macho, mwanangu. Anapomaliza sentensi, hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo kabla ya kuuliza lingine. Mara nyingi utakuta hajamaliza.

Na hilo jina la kijiji, mwulize tena babu yako kabla hujaondoka.